Binti yangu amekutwa na seliaki. Wenye uzoefu Moshi na Arusha, mnaishije?

mwalimu_soweto (Moshi)

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Soweto hapa Moshi. Mniwie radhi kwa urefu wa maelezo.

Binti yangu ana miaka tisa. Tangu aanze kula chakula cha wakubwa, tumbo lake halijawahi kutulia. Linajaa, anaharisha, anapata nafuu siku chache, linarudi. Ametibiwa minyoo, akatibiwa amiba, akatibiwa taifodi, na bado. Damu ikawa inashuka. Vidonge vya madini ya chuma anameza na haipandi. Mdogo wake wa kiume, waliopishana miaka miwili, akawa anamfikia kwa urefu.

Ndipo daktari mmoja kijana akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: mtoto anakula nini asubuhi? Nikamjibu chai na chapati, siku nyingine maandazi, kama watoto wote. Akaagiza kipimo cha damu cha kingamwili, halafu mtoto akapelekwa kwenye kamera ya tumbo, wakachukua vinyama vidogo vya utumbo mwembamba. Majibu yakasema seliaki. Akila gluteni, ile protini ya kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wenyewe, na vile vinyweleo vya kufyonza chakula vinalala. Chuma chote nilichokuwa namnunulia kilikuwa kinapita tu.

Nimeshukuru kulijua jina la ugonjwa. Ila karatasi ya mlo niliyopewa imeandikiwa watu wa nchi nyingine: pasta maalumu, biskuti maalumu, mkate wa kuagiza. Humo hakuna mtori wala makande.

Sasa naomba mnisaidie. Unga wa lishe niliokuwa nampikia uji niliununua Mbuyuni ukiwa umeshachanganywa. Nilipomuuliza muuzaji akanitajia mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano. Huo nimeuondoa nyumbani. Lakini hata nikinunua nafaka zangu, mashine ninayosagia ndiyo hiyo inasaga ngano za wengine. Ni hatari kweli, au najitia hofu? Na Desemba tunapanda Kibosho kwa bibi yake, mama mkwe wangu. Anampenda huyu mtoto kuliko wote, na chapati za Krismasi anazisukuma mwenyewe. Nitamwambiaje bila kumuumiza? Halafu huyu mdogo wake, nimwachishe ngano kabisa au?

---

ndizi_mshare (Arusha)

Dada mwalimu, pole sana, na Mungu ambariki huyo daktari. Mimi ni fundi cherehani, nipo karibu na soko la Kilombero. Nina seliaki, niligundulika ukubwani baada ya kuongezewa damu mara kadhaa bila mtu kujua inakwenda wapi. Nakuandikia kama ninavyoishi.

Nianze na mdogo wake kwa sababu hilo lina haraka. USIMWACHISHE ngano sasa. Ndugu wa damu wa mgonjwa, kama mzazi, mtoto au wa tumbo moja, wana uwezekano wa karibu mmoja kati ya kumi wa kuwa nayo, hata kama hawaumwi tumbo. Apimwe, na wewe na baba yake pia. Lakini kipimo kinatafuta kingamwili zinazotengenezwa pale mtu anapokula gluteni. Ukimtoa kwenye chapati leo ukampeleka kupima baada ya miezi, damu inaweza kuonekana safi na ugonjwa upo. Aendelee kula kama kawaida mpaka apimwe.

Chakula chenyewe kisikukoseshe usingizi. Wewe upo Moshi! Mtori, machalari, kiburu, makande, ugali wa dona au sembe, wali, magimbi, viazi, maharage, mayai, nyama: vyote hivyo havina gluteni. Hata mbege ya wakubwa ni ndizi na kimea cha ulezi, na ulezi hauna gluteni. Bia ya chupa ndiyo ya shayiri. Usimalize mshahara kwa unga wa kuagiza wa kule supamaketi. Mimi keki ya nyumbani kwangu ni mkate wa kumimina: nalowesha mchele wa Magugu usiku kucha, nasaga kwa blenda na tui, sukari, hamira na iliki, naacha uumuke, nageuzia kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Watoto wa jirani wanaukimbilia.

Mambo yanayoniumiza mimi ni yale yanayogusana na ngano bila mtu kukusudia. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa. Mayai yaliyopikwa kwenye kikaango cha chapati. Samaki aliyepakwa unga wa ngano asishike kikaangoni. Mishkaki iliyolowekwa kwenye sosi ya soya, kwa sababu soya nyingi za chupa zimetengenezwa kwa ngano. Soseji. Viungo vya mchuzi vya pakiti, vingine vina unga wa ngano wa kuupa mchuzi uzito, kwa hiyo soma kila pakiti kila unaponunua, hata ile uliyoizoea. Vinywaji vya unga vya kimea ambavyo watoto wanavipenda kwenye maziwa, kimea chake huwa cha shayiri. Vitumbua: wengi hutumia mchele mtupu, ila wapo wanaochanganya ngano. Uliza kwanza, ndipo umpe.

Jikoni kwako tenga vitu vyake: mwiko wa mti, ubao wa kukatia na chujio. Mti unashika unga hata ukioshwa. Sufuria za bati ukizisugua vizuri na kuzisuuza hazina tatizo. Kama wengine mnaendelea kula chapati, chakula chake kipikwe kwanza na kufunikwa, unga ufunguliwe baadaye, maana vumbi la ngano linaruka na kutua popote.

Maziwa je? Mimi miezi ya mwanzo maziwa yalinijaza tumbo nikadhani nina ugonjwa wa pili. Daktari akanieleza kwamba utumbo uliojeruhiwa unapungukiwa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, nao ukipona kwa wengi kinarudi. Nikawa nakunywa mtindi, ambao sukari hiyo imeshapungua kwa kugandishwa, na baadaye maziwa ya kawaida yakakubali. Hiyo ya maziwa ni kero tu, haiharibu utumbo. Msizichanganye mkaanza kumnyima mtoto kila kitu.

Bibi sasa. Usimwambie bibi kwamba mtoto "hapendi" chapati, wala "tumbo lake halitaki". Atachukulia ni deko na atampa kwa siri, kwa mapenzi yake. Mwambie ni ugonjwa, umepimwa hospitali, umeonekana kwa kamera, na dawa yake ni moja tu, chakula. Nenda mapema kabla ya Desemba, wewe na mume wako, mwanawe aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Na mkampe bibi kazi: sufuria jipya la mjukuu, mwiko mpya, na ombi kwamba mtori wa mjukuu apike yeye, mtu mwingine asiuguse. Mama yangu mzazi nilipompa hiyo kazi aliilinda kuliko mimi. Shangazi zangu walifukuzwa jikoni na mikono yao ya unga.

---

msagaji_sakina (Arusha)

Shikamooni wakubwa. Mimi nina mashine ya kusaga, nimeona niseme kwenye eneo langu.

Mama, hujitii hofu. Mashine yangu ni ya nyundo kama nyingi za mitaani. Mteja akimaliza kusaga, unga unabaki kwenye chekeche, kwenye kona za chumba cha nyundo, kwenye bomba, na zaidi kwenye ule mfuko wa kitambaa unaopokea unga. Anayefuata anaondoka na unga wa aliyetangulia. Mahindi baada ya mahindi hakuna anayejali. Mahindi yako yakija baada ya lishe yenye ngano, una ngano.

Wengi wanashauri "uwe wa kwanza asubuhi". Haitoshi, maana mabaki ya jana yamelala humo. Na kutanguliza mahindi ya kusafishia kunapunguza, hakumalizi. Nionavyo mimi, tafuta mashine ambayo haipokei ngano wala lishe kabisa, ile ya kukoboa na kusaga sembe tu. Zipo, hasa wanaosaga kwa jumla. Muulize mwenye mashine, usimuulize kijana wa zamu. Ukikosa, ulezi na mchele ni vya uji tu, havihitaji wingi: nunua kinu chako cha mkono, au blenda yenye kikombe cha kusagia vikavu, isiguswe na kitu kingine. Chagua ulezi punje kwa punje kwenye ungo kwanza, kwa sababu sokoni magunia yanakaa bega kwa bega na ngano, na kipimo ni kopo lilelile.

---

mzee_wa_mrina (Moshi)

Dada, kidogo hakidhuru. Mzoesheni polepole mwili utazoea. Sisi tumekula ngano ya West Kilimanjaro tangu utoto, tatizo ni haya madawa ya siku hizi.

---

nesi_mstaafu (Moshi)

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, hilo la kuzoesha litamrudisha mtoto kitandani, naomba mama asilifuate.

Kipande kimoja cha mkate kina gluteni kama gramu 2. Imepimwa kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi, zinatosha kuuharibu utumbo wa mwenye seliaki. Yaani kipande hicho kikatwe vipande vidogo arobaini, na kimoja tu kati ya hivyo. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote siku hiyo huku utumbo unaumia.

Kuhusu madawa ya siku hizi: ugonjwa huu umeelezwa tangu zamani za kale, ila chanzo chake kilikuja kuthibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameshaanza kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukakosekana, na watoto wake wa seliaki wakapata nafuu wakati watoto wengine wanadhoofu. Mkate uliporudi, wakaugua upya. Ngano yao ilikuwa ya mashamba ya kawaida.

Mama, usiache vidonge vya chuma mpaka daktari aseme. Na urudi kwenye kipimo cha damu baada ya miezi sita hivi: zile kingamwili zikishuka, ujue mlo mnaushika. Zisiposhuka, kuna mahali ngano inapenya, mnaanza kupekua tena.

---

mwalimu_soweto (Moshi)

Nimesoma yote na baba yake kakaa pembeni anasoma pia. Kasema Kibosho tunapanda wiki ijayo, na sufuria analinunua yeye. Msagaji, asante, sikuwa nimeufikiria ule mfuko.

Shuleni nimeshaongea na mwalimu mwenzangu wa darasa lake. Binti atabeba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Ila limebaki moja linaloniliza. Mwakani anaanza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, ni ngano. Mwanangu ameniuliza, "Mama, na Yesu nimekatazwa?" Sikuwa na jibu.

---

kibosho_juu (Moshi)

Dada yangu, hajakatazwa, na mwambie leo hii. Mimi ni katekista.

Kanisa linataka hostia iwe ya ngano, hivyo ya mchele au muhogo haikubaliki. Lakini barua ya Vatikano ya 2003 iliruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na pia iliruhusu mlei mwenye seliaki apokee kwa umbo la divai peke yake. Anayepokea divai tu amepokea Kristo mzima, hakupungukiwa kitu. Hizo hostia za gluteni kidogo muulize daktari kwanza kama zinamfaa, na upatikanaji wake huku kwetu ni mgumu.

Jambo la kuangalia: padre kwenye misa humega kipande cha hostia akakitia kwenye kalisi kuu, yaani kikombe chake cha divai. Kwa hiyo binti asinywe kwenye kalisi hiyo. Inatakiwa kikombe chake kidogo, kiwekwe altareni tangu matoleo, na apokee kwake pekee. Nenda kwa paroko na cheti cha hospitali, ataomba ruhusa inakohusika. Nenda sasa hivi, kabla mafundisho hayajaanza, ili wenzake wakifundishwa kupokea hostia, yeye afundishwe kikombe siku hiyohiyo.