Nimeokoka lakini mikeka bado naweka. Wokovu wangu upo?

Bwana asifiwe wakuu. Niliokoka 2018, pombe nikaacha siku hiyohiyo na sijairudia. Kubeti ndiko kumenishinda. Mshahara ukiingia naapa, Jumamosi ikifika nipo na mkeka. Mwezi uliopita nimechoma ada ya mtoto, mama watoto hajui. Rafiki yangu ananiambia nisihangaike, aliyeokoka kaokoka: Yohana 10:28, hakuna wa kutupokonya mkononi mwa Yesu. Kiongozi wetu wa maombi naye anasema nikifa na mkeka mfukoni, jehanamu moja kwa moja. Nimsikilize nani?

kipusa_88: Ulitiki lakini? 😂

Mzee wa Kwaya: Mwanangu, ugomvi huo ni wa zamani. Waprotestanti wa Uholanzi waliitishia sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, kule Dordrecht, 1618 hadi 1619. Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa hukohuko, hawakuwa na hakika kwamba mwamini hawezi kuanguka kabisa na kupoteza wokovu. Sinodi ikawakataa, ikasema Mungu huwashika wateule wake mpaka mwisho. Ila sinodi hiyohiyo ilikiri kwamba wateule huanguka vibaya, ikawataja Daudi na Petro, na kwamba mtu wa hivyo anaweza kupoteza hata ile hisia ya kupendwa na Mungu mpaka atubu kwelikweli. Rafiki yako amekupa kipande kitamu tu.

mkatoliki_tu: Kwetu dhambi ya mauti inaondoa neema ya utakaso. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, ulishalisema hilo 1547. Nenda kaungame.

Dada Neema: Kaka, soma Warumi 6 mwanzo: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Halafu samahani, mbona unaulizia mbinguni wakati ada ni ya hapa duniani? Naona kama unatafuta ruhusa.

mjukuu_wa_Bukoba: Bibi yangu alikuwa mlokole wa ule uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Hata aliyeokoka miaka 20 alisimama mbele za wenzake akasema nimeiba sukari ya jirani, nisameheni. Na sukari inarudishwa. Kuungama hivyo waliita "kutembea nuruni". Sasa wewe sukari yako ni hiyo ada, na jirani unalala naye kitanda kimoja.

Mleta uzi: @kipusa_88 haukutiki, timu moja ilichana. Dada Neema umenipiga pabaya. Mama watoto anatoka kazini saa 12, nitamwambia kabla hatujala. La mbinguni bado sijalimaliza, Mzee wa Kwaya nakuja PM.