Ini na kongosho kwa mpigo: nani anahitaji?

Swali: Wakuu, mgonjwa ana sirosisi (ini lililojaa makovu) na anachoma insulini. Akipandikizwa ini, aongezewe na kongosho?

Jibu: Inategemea aina ya kisukari. Pimeni C-peptidi (hutolewa na kongosho kila linapotoa insulini) pamoja na sukari ya wakati huohuo. C-peptidi ikiwa karibu haipo, kongosho halitoi tena insulini na ini jipya halitarekebisha hilo. Ikiwa ipo ya kutosha, huenda ini bovu ndilo linalofanya mwili uikaidi insulini; ini peke yake laweza kushusha sukari. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) msiitegemee: kwenye sirosisi chembe nyekundu hufa mapema, hivyo husoma chini kuliko hali halisi.

Jibu: Naongezea mkuu, figo zikifeli C-peptidi husoma juu, isiwadanganye. Kingine, ndugu aliye hai hutoa kipande cha ini. Kongosho karibu siku zote hutoka kwa marehemu. Na damu kuganda kwenye mishipa ya kongosho lililopandikizwa siku za mwanzo ndiyo balaa lenyewe, linaweza kulazimu litolewe.

Jibu: Sukari ikipanda baada ya upasuaji msikimbilie kusema kongosho limekataliwa na mwili. Takrolimasi na prednisoloni, dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo kipya, zote huipandisha. Angalieni kiwango cha takrolimasi kabla ya dozi ya asubuhi, kisha amilesi na lipesi (vimeng'enya vya kongosho) kwenye damu. Dawa msiguse wenyewe, hata dozi moja.