Naomba ushauri: kusafisha pua kwa maji ya kisima

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Mafua yalinianza wiki iliyopita, yakaonekana kupungua, kisha yakarudi kwa ukali: pua zimeziba, makamasi mazito ya manjano, mashavu na paji la uso vinauma. Nikirukuu ndiyo balaa, kichwa kinataka kupasuka. Homa sina, na macho hayajavimba.

Nimejifukiza kwa maji ya moto, pua zinafunguka kidogo kisha zinaziba tena. Bibi akanitilia mafuta ya karafuu humo, macho yakaniwasha hata nikatoka mbio (heshima yake bibi, lakini hapana). Panadol inatuliza maumivu tu. Vidonge vya rangi mbili vya dukani (antibiotiki) sitaki kujinywea ovyo bila ya kupimwa.

Sasa nataka kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Maji yetu ya kisima, nayo yenyewe yana chumvichumvi. Wenye ujuzi nambieni: nikiyachemsha nikayaacha yapoe yanafaa, na chumvi nitie kiasi gani? Na mafua yaliyopungua kisha yakazidi hivi, nisubiri au niende hospitali sasa?