Je, serikali ikiwalipia maskini bima ya SHA, watu hawatazoea kusaidiwa?

Katibu wa chama, Kibuye (Kisumu)
Ninaomba maoni yenu kuhusu jambo lililogawanya chama chetu cha wachuuzi katika soko la Kibuye. Tulipendekeza kila mwanachama ajisajili na kulipia bima ya afya ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na chama kiwakopeshe wale wasioweza kutoa malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Wengi wamekataa. Wapo wasioiamini bima yoyote ya serikali, na hao ninawaelewa. Wanaonitia wasiwasi ni wale wanaosema kwamba, tangu itangazwe Oktoba 2025 kuwa serikali itawalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza, wao pia watasubiri walipiwe. Wazee wetu wanauliza kama mpango huu hautazaa kizazi cha kunyoosha mkono. Niwajibu nini?

Mhasibu, Nakuru
Ndugu Katibu, mimi ninaupinga mpango huu, na ningependa sababu zangu zisikike kikamilifu, kwa maana mara nyingi anayepinga huonekana kama mtu asiyewahurumia maskini. Chini ya NHIF, bima ya afya ya serikali iliyotangulia SHA, hata mwenye mshahara mkubwa namna gani hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, kiasi kwamba anayelipwa 100,000 hutoa 2,750 na anayelipwa 200,000 hutoa 5,500, mbali na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Mwezi Julai 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria zilizoanzisha mpango huu zinakiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ingawa Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo na utekelezaji ukaendelea. Kisha mwezi Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilizo chini ya muungano wa RUPHA zikaanza kuwadai wagonjwa pesa taslimu kwa sababu ya madeni ambayo hazijalipwa na serikali. Mtu anayekatwa kila mwezi, halafu anaambiwa alipe tena dirishani, ana haki ya kukasirika.

Kuhusu wazee wenu, ninaona wana hoja. Mtu mwenye nguvu zake, mwenye kibanda sokoni, akianza kuhesabu msaada kama mapato, atakuwa amemwachia mwenzake mzigo.

Mhudumu wa afya ya jamii, Nyalenda
Kaka Mhasibu, kuhusu madeni ya hospitali sina la kukupinga. Ila hili la watu kuzoea kusaidiwa ninaliona kila siku nikipita nyumba kwa nyumba, na halifanani na linavyosimuliwa.

Kwanza, Katibu, waambie wanachama wako kwamba kusubiri hakumfanyi mtu kuwa asiyejiweza. Mtu asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wa kaya yake kwa maswali: paa ni la nini, sakafu ni ya nini, mnapikia kuni au gesi, mna mifugo. Majibu hayo ndiyo yanayokadiria kiwango chake, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kasoro ya kipimo hiki inaumiza upande mwingine kabisa. Mama anayeuza omena akiwa amepanga chumba kimoja ataulizwa kuhusu paa, atajibu kuwa ni mabati. Ataulizwa kuhusu sakafu, atajibu kuwa ni saruji. Amesema kweli, lakini mabati na saruji ni mali ya mwenye nyumba. Mapato yake yeye yanategemea ziwa limetoa nini usiku huo, na hakuna swali linaloweza kulishika jambo hilo sawasawa. Ninawahofia watu kama huyu, ambao kipimo kinaweza kuwaona wana uwezo wasio nao, kuliko wachache watakaojifanya maskini.

Pili, tuseme ukweli kuhusu utegemezi tulionao tayari. Familia isiyo na bima ikipata mgonjwa wa kulazwa, simu za jamaa zote hulia, mchango huitishwa, ng'ombe huuzwa, na wakati mwingine kipande cha shamba huenda. Wazee hawauiti huo uzembe kwa sababu ni desturi yetu ya kusaidiana, nami ninaiheshimu, lakini ni utegemezi unaokuja wakati mbaya zaidi, na unamfaa mwenye jamaa wengi. Yatima wa mtaa wa Obunga hana wa kumpigia simu.

Tena wajisajili hata kabla ya kulipa, maana matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharamiwa na serikali kwa kila aliyesajiliwa. Mchango wa mwaka ndio unaohitajika kwa kulazwa na upasuaji katika hospitali kubwa.

Mkulima wa miwa, Mumias
Dada amesema vyema. Mimi ningeongeza kwamba malipo ya mwaka kwa mkupuo yalibuniwa na mtu mwenye mshahara. Sisi hungoja malipo ya miwa, na wachuuzi hupata riziki yao siku kwa siku.

Katibu wa chama, Kibuye (Kisumu)
Asanteni sana. Nimepiga hesabu: shilingi 300 kwa mwezi ni 3,600 kwa mwaka, na Jumapili ndiyo siku yetu kubwa ya soko, kwa hiyo mwanachama akiweka shilingi 70 kila Jumapili, kiasi hicho kitakuwa kimetimia kabla mwaka kwisha. Nitapendekeza chama kimlipie mwanzoni, naye arudishe hivyo bila riba. Wale waliokadiriwa zaidi ya hapo waje na makadirio yao mkutanoni, hasa wapangaji, tuone ni nani wa kusaidiwa kuomba apimwe upya. Dada Mhudumu, ombi hilo huanzia wapi, kwenu mashinani au katika ofisi ya kaunti?

Mhudumu wa afya ya jamii, Nyalenda
Anzeni na mhudumu wa kijiji chenu, kwa kuwa ndiye anayeijua nyumba yenyewe. Mkinialika mkutanoni, nitakuja.