Mume wangu aliumia uti wa mgongo: miaka inayokuja tutaishije?

mama_wawili_Moro:

Habari zenu ndugu zangu. Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda hapa Morogoro. Mwezi wa saba mwaka jana aligongwa na lori akaangukia mgongo. Akafungwa vyuma, tukaambiwa ni pingili ya tano ya kifuani, T5, na kwamba kuanzia kifuani kushuka chini hatahisi. Ana miaka 33. Siku ya kuruhusiwa tulipewa mpira wa mkojo na mfuko wake, karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki. Basi. Yote niliyojua baada ya hapo nimeyajua kwa kukosea.

Jioni nyingine kichwa kinamgonga ghafla, uso unalowa jasho mpaka linadondokea shati, lakini miguu ni mikavu na ya baridi. Mama mkwe anasema ni majini, ameshaleta mtu wa kumsomea mara mbili. Zahanati walipima presha wakakuta 138 kwa 90, wakasema si ya kutisha. Kawaida yake tangu aumie ni 95 kwa 60, ninayo kwenye daftari.

Usiku analalamika miguu inawaka moto, miguu ile ile ambayo nikiibana hajui. Ndugu wanaona anadeka.

La mwisho naliandika kwa aibu. Tangu aumie hajanigusa, na hataki tulizungumze. Jana akaniuliza, "Hivi mama watoto, mimi nitaishi hivi miaka mingapi?" Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Mliokaa na hali hii muda mrefu, naomba mniambie ukweli.

nesi_wodi_ya_mifupa:

Dada, anza na kichwa, leo hii. Si majini, na zahanati hawakulinganisha na kawaida yake. Kwa mtu wa 95, kufika 138 ni dharura.

Aliyeumia pingili ya sita ya kifuani au juu yake anaweza kupata hali inayoitwa otonomiki disrefleksia. Kitu kinamsumbua chini ya jeraha, mara nyingi kibofu kilichojaa. Yeye hahisi, ila mwili unahisi na mishipa ya damu ya huku chini inajibana. Ubongo unatuma amri ya kuilegeza, amri inakwama pale palipokatika. Presha inapanda, uso unatoka jasho. Ikiachwa inaweza kuleta kiharusi.

Ikianza, mkalishe wima miguu ining'inie, usimlaze. Legeza mkanda, soksi, chochote kinachombana. Kisha fuata mpira wa mkojo kwa mkono wako kutoka mwilini hadi kwenye mfuko: umejikunja? Umekaliwa? Umeziba? Mfuko umejaa? Kama mkojo unatoka vizuri, fikiria choo kigumu, kidonda, hata ukucha ulioota kwa ndani. Isiposhuka ndani ya dakika chache, hospitali, na useme waziwazi kwamba ameumia T5 na kawaida yake ni 95. Yaandike kwenye kadi akae nayo mfukoni, maana si kila utakayemkuta zamu ameshaiona hali hii.

mkwezi_wa_zamani:

Mdogo wangu, mimi nilikuwa mkwezi huku Pangani. Nilianguka kutoka kwenye mnazi Machi 2008 nikiwa na miaka 34. Mimi ni T11, pingili ya chini zaidi ya hiyo ya sita, kwa hiyo presha ya ghafla sijawahi kuipata, mfuate nesi. Mengine yote uliyoandika nimelala nayo kitanda kimoja.

Moto wa miguu ni kweli. Kwangu ni kama nimekanyaga majivu ya jikoni yenye makaa ndani, na huzidi nikishazima taa. Mshipa uliokatika bado unapeleka habari za uongo kichwani, lakini maumivu yenyewe si ya uongo. Panadol haifui dafu. Mwulize daktari kuhusu amitriptilini au pregabalini, ni dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu. Mimi amitriptilini kidogo usiku imenisaidia, haikuumaliza moto ila sasa napata usingizi. Na mama mkwe mwambie kwa upole, maana mgonjwa asiyeaminiwa anaumia mara mbili.

Sasa kidonda. Hapa nisikilize sana. Mwaka wa pili mdogo wangu alioa, nikakaa kwenye kiti cha mbao tangu laasiri mpaka saa sita usiku, nina furaha, sikujinyanyua hata mara moja. Asubuhi mke wangu akaona doa chini ya tako, ukubwa wa sarafu ya mia. Nikasema litapona. Lilichimbika mpaka mfupa ukaonekana, na nililala kifudifudi miezi kumi na moja. Mwanangu wa kwanza alianza kutembea mimi natazama sakafu.

Tangu hapo simu yangu inalia kila dakika ishirini. Ikilia nainama mbele, kifua juu ya mapaja, nahesabu taratibu hadi mia na ishirini. Siku hizi ni fundi simu, mteja akiwepo anangoja. Usiku miaka ile ya mwanzo mke wangu alinigeuza kila saa mbili. Kila asubuhi tunatazama kwa kioo: matako, kisigino, vifundo, pale mgongo unapoishia. Doa ambalo ukilibonyeza halififii, asilikalie tena mpaka liishe kabisa. Ule mpira wa tairi watu wanaowakalisha wagonjwa msimpe, unabana nyama pembeni na damu haipiti. Na asiweke sufuria au kikombe cha moto mapajani. Mimi nina kovu la uji ambalo niliunguzwa nisijue.

Mkojo. Mwaka 2011 nilipata homa ya kutetemeka, nikanywa dawa ya malaria mara mbili ingawa kipimo hakikuonyesha kitu. Ilikuwa figo. Siku hizi nikipata homa wanapima malaria na mkojo siku hiyo hiyo. Lakini usiangukie upande wa pili kama mimi: mkojo ukichafuka rangi tu, bila homa wala dalili nyingine, nilikuwa nakimbilia duka la dawa. Nilimeza hizo dawa za kuua vijidudu mpaka siku nilipougua kweli zikagoma. Mwaka uliofuata nikaachana na mpira wa kukaa ndani. Nikafundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba, kila baada ya saa nne hadi sita. Mumeo mikono yake ni mizima, aulize kama na yeye anafaa. Figo nazipiga ultrasaundi kila mwaka hata nikiwa mzima.

Choo nacho kina ratiba. Kila siku ya pili, baada ya chai ya asubuhi, na glavu na mafuta, nusu saa. Kabla ya kuijua ratiba hii sikwenda msikitini kwa miaka mitatu kwa kuogopa kuaibika. Sipendi hata kuikumbuka miaka hiyo.

Kuhusu swali lake, idadi ya miaka siwezi kumpa. Nilipokwenda Moshi kupimiwa kiti cha magurudumu, mwalimu mmoja wa pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia, alinisimulia habari za daktari Ludwig Guttmann. Zamani askari waliovunjika mgongo walikuwa wakifa upesi kwa vidonda na uchafu wa mkojo. Mwaka 1944 Guttmann akafungua wodi Stoke Mandeville, Uingereza, akalazimisha wageuzwe kila saa mbili mchana na usiku. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 wakashindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti, ndiyo mbegu ya Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Nilipoisikia nilielewa kwamba kinachotuua kwa kawaida kinazuilika, na kuzuia kwenyewe ni kazi ya nyumbani: kioo, saa, maji, mikono ya mtu anayekupenda.

Mwambie aliyeandika haya alianguka 2008 na leo asubuhi ametengeneza simu tatu. Mtafutieni kazi ya mikono, hata ndogo. Mimi nikiwa na bisibisi moto wa miguu hupungua.

cherehani_Kisauni:

Dadangu, nakuandikia kutoka Mombasa. Mimi niliumia kwenye matatu mwaka 2010, na mwanangu nimemzaa baada ya hapo. Hilo la mwisho usilionee haya. Wanaume wengi wenye jeraha hili husaidiwa na vidonge vya kawaida vya nguvu za kiume, lakini aandikiwe na daktari anayejua moyo na presha yake, asinunue tu dukani. Mbegu kutoka ndio mara nyingi huwa kazi, na hata hilo lina wataalamu.

Kabla ya dawa lakini, zungumzeni. Mume wangu alinikalia kimya karibu mwaka mzima nikadhani ananichukia. Kumbe aliogopa kuniumiza. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikauweka shingoni, mahali ninapohisi.

Na mabega yake ayatunze. Mimi nilijirusha kitandani na kwenye kiti kwa nguvu miaka yote, leo bega la kulia halinyanyuki juu ya sikio. Mtafutieni ubao laini wa kutelezea kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

mama_wawili_Moro:

Nesi, Mungu akubariki. Jana saa mbili usiku kichwa kilianza. Nikamkalisha, nikashusha miguu, nikaufuata mpira kwa mkono kama ulivyosema. Ulikuwa umejikunja chini ya paja. Nilipounyoosha mkojo ukashuka, mfuko ukakaribia kujaa. Dakika tano uso ukakauka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameona mwenyewe.

Kaka mkwezi, nilimsomea yako yote. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama ufundi simu mtu anajifunza kwa muda gani.

mkwezi_wa_zamani:

Mimi ulinichukua miezi minane. Nipe namba yake kwa siri, nimpigie leo baada ya magharibi.