Kifaa cha umeme kichwani kwa aliyepoteza usemi baada ya kiharusi: kinafaa kununua?

Mnazi_Mmoja
Wakuu, naomba msaada. Mgonjwa ana miaka 61, kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, huu ni mwezi wa saba tangu kimpate. Anaelewa anachoambiwa, ila kutaja majina ya vitu ni kazi. Familia inataka kuagiza kile kifaa cha betri kinachopitisha umeme mdogo kichwani kwa sponji (tDCS). Kinasaidia? Kinavaliwa wapi, dakika ngapi?

Tiba_ya_Usemi
Mkuu, kifaa peke yake hakirudishi maneno. Mkondo wa miliampea 1 au 2 hauwezi kuziamsha seli za ubongo. Unazifanya tu ziwe nyepesi kuamka zikipewa kazi. Mgonjwa akivalishwa huku anatazama runinga, mmepoteza betri.

Marekani, Fridriksson na wenzake (2018) waliwapima watu 74: mazoezi ya kutaja picha kwa dakika 45, siku 15 ndani ya wiki 3, na umeme wa miliampea 1 kwa dakika 20. Waliopata umeme wa kweli waliongeza wastani wa maneno 13.9, waliovalishwa bila umeme wa kweli 8.2. Hiyo 8.2 msiidharau: ni mazoezi matupu. Halafu, utafiti huo ulipangwa kuona kama njia hii inastahili kuendelezwa, haukupangwa kuithibitisha.

Fundi_EEG
Naongezea upande wa uvaaji, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Sponji ziwe 5 × 5 sm, ziloweshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali (0.9%), si ya bomba. Ziwe na unyevu bila kudondosha: maji yakitiririka, umeme unakimbilia juu ya ngozi badala ya kuingia, zikikauka, ngozi inaungua. Mafuta ya nywele yasafishwe kwanza. Umeme upandishwe polepole, kama sekunde 30. Kuwasha kidogo ni kawaida. Maumivu ya kuchoma, zima.

Gumu zaidi ni mahali. Sponji ikikaa juu ya sehemu iliyokufa hakuna seli za kusaidia, na kovu lililojaa maji linapotosha njia ya umeme. Bila picha ya CT au MRI mnabahatisha.

Dk_Neva
Kuna na njia ya sumaku, rTMS: mashine inapiga mapigo ya sumaku kichwani kutoka nje. Mpango unaotumika sana ni pigo 1 kwa sekunde upande wa *kulia*, mbele, kwa dakika 20 (mapigo 1,200), siku 10. Lengo ni kutuliza upande unaodhaniwa kuubana wa kushoto. Hiyo ni ya hospitali tu. Kabla ya njia yoyote ulizeni: ana degedege? Chuma kichwani? Kifaa cha moyo? Aliwahi kufunguliwa fuvu?

Mnazi_Mmoja
Fuvu alifunguliwa kupunguza shinikizo. Mfupa haujarudishwa.

Dk_Neva
Basi msinunue. Mfupa ndio unaozuia sehemu kubwa ya umeme. Penye tundu utaingia kwa nguvu msiyoipima.

Tiba_ya_Usemi
Anzeni mazoezi kesho. Picha 20 za vitu vya nyumbani kwake: sufuria, ndoo, kanga, mwiko. Mpeni sekunde 10. Akikwama mpeni silabi ya kwanza, "su…", si neno zima. Ikishindikana, tamkeni naye mara tatu, kisha rudieni picha hiyo baada ya nyingine mbili.