SOKSI YANGU AMEMVISHA PUNDA!!!

Wanajamvi, mikono inatetemeka, herufi zikikosewa nisameheni. Yule bwana wa usita wa mui, njia kuu ya hapa Lamu, mnamjua. Simtaji. Yule wa kahawa ya bure, aliyekalia baraza mpaka sementi ikashika umbo lake.

Aliagiza mwenyewe, soksi za buluu, ati anakwenda Nairobi kwenye baridi. Leo baada ya Alasiri kaja, kazigeuza, kazinusa (KAZINUSA!), kisha kamsimamisha punda wa kubeba mchanga anayepita zake, kamvisha moja mguuni. "Afadhali huyu, imemkaa." Baraza zima hoi. Hata yule mzee anayesinziaga pale kaamka ili acheke.

Punda, jamani!

Mnakijua kisigino cha soksi ya mashine ya kuzungusha kwa mkono, kama yangu, nyie? Mguu wa soksi ni kuzungusha hendeli tu, hata mtoto anaweza. Kwenye kisigino ndipo watu hutoa machozi. Sindano 72, unainua 36 zisifume. Unakwenda na kurudi, kila mstari unainua moja ya pembeni, halafu unaanza kuzishusha moja moja. Huku vyuma vya uzito unavihamisha vivute papo hapo, la sivyo kitanzi kinachopoka na kazi yote inafumuka. Hapo hata mamangu akiniita siitiki. Vidole nafunga kwa sindano ya mkono, kitanzi kwa kitanzi, mpaka mato yanauma. Basi kisigino hicho ndicho KILICHOINGIZWA KWATO.

Mashine za namna hii zimefuma soksi za wanajeshi vita vya 1914-1918. Leo zinatukanwa Lamu, mbele ya wanywa kahawa!

Pesa hajalipa, lakini pesa si neno. Punda ameondoka nayo mpaka mtaa wa Mkomani. Mchana kweupe!

MwanaShela: Pole kaka. Mguu wa mbele au wa nyuma?

FundiSoksi: Wa nyuma. Inahusu nini??

MwanaShela: Kile kama goti lililogeuka kwenye mguu wa nyuma ndicho kisigino chake. Soksi haikufika huko, kwa hiyo ni fupi. Bwana ana haki.

Jua_Kali: Joto hili soksi za nini? Mimi viatu vyenyewe ni vya Idi.

Kijana_Langoni: Punda ana miguu minne ndugu yangu, bado tatu. Maliza oda ya mteja 😂

FundiSoksi: Mnacheka. Ingekuwa mikate yenu imevalishwa kwato mngecheka?

UmmuSalma: Afadhali yako imevaliwa. Kanzu ya mwanangu nilimpelekea yule fundi (mnamjua) kabla ya Ramadhani, imetoka Idi imekwisha, mkono mmoja mfupi. Nikamuuliza, ananiambia mtoto ndiye amekua mkono mmoja!

Jua_Kali: 😂😂 Huyo huyo alinishonea suruali isiyo na mfuko.

Baharia_wa_Nchi_Kavu: Mafundi mwawaonea. Semeni yule nahodha wa boti ya kuvukia Mokowe, kule bara. "Twaondoka sasa hivi" tangu asubuhi, jua likatupika, kisha akapakia na mbuzi.

UmmuSalma: Boti ya kijani?

Baharia_wa_Nchi_Kavu: Hiyo hiyo.

UmmuSalma: Alinilowesha mchele wa harusi huyo!

FundiSoksi: Jamani, turudi kwenye punda.

Kijana_Langoni: Subiri kwanza kaka. Kama ni ya kijani, chenji yangu anayo mpaka leo. Nani anajua anakofunga boti usiku?